Nelius Kawira, Mtafuta Ufadhili wa Kibugu

Mchungaji wetu, chifu, wazee wa kanisa, wageni mliotoka Mikinduri alfajiri, na ninyi majirani wa Kibugu ambao mmekuwa hapa bomani tangu Jumapili ya wiki iliyopita, mimi ni Bundi, mdogo wa mume wa marehemu, na familia imeniagiza niwasomee maisha ya shemeji yangu Nelius Kawira Njiru, ambaye kwa miaka thelathini na miwili alitafuta kitu kimoja kuliko vingine vyote, yaani wodi ya akina mama kujifungulia katika dispensari yetu ya Kamuthanga. Mtanivumilia nikisoma haraka haraka, kwa maana nina neno limenikaa kooni tangu jana saa kumi alasiri, na mchungaji ameniamuru nifuate utaratibu mpaka nilifikie mahali pake.

Kawira alizaliwa tarehe 12 Aprili 1961 huko Mikinduri, Tigania Mashariki, mtoto wa nne wa Mzee M'Ikiara na Mama Kanana, wakulima wa miraa na maharagwe, wote wawili sasa ni marehemu. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Mikinduri kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, akaupita mtihani wa darasa la saba vizuri sana, akaitwa shule ya sekondari ya wasichana huko Kaaga, lakini karo haikuwepo, na kwao ilikuwa imekubaliwa kwamba masomo yameishia hapo.

Tarehe mosi Januari 1975 alitumwa nyama ya mwaka mpya katika bucha ya Mzee Sulemani, na kama kawaida nyama ikafungwa kwa gazeti kuukuu, naye akaenda akilisoma njiani, akaona tangazo kwamba shirika moja la kanisa linatafuta wasichana sita wa Meru waliofaulu na wasio na karo, na kwamba siku ya mwisho ni kesho yake, ila anwani ya kupeleka barua ilikuwa imelowa damu yote, haisomeki. Kawira aligeuka mbio, akamwambia Mzee Sulemani shida yake, na yule mzee, Mungu amrehemu, akawaacha wateja wamesimama, akamfungulia nyuma ya kaunta, wakapekua rundo la magazeti wote wawili wamepiga magoti mpaka wakapata nakala nyingine ya lile tangazo. Kesho yake alipanda lori la mahindi hadi mjini Meru, akaifikisha barua kwa mkono wake mwenyewe, akapata nafasi, akasoma Kaaga hadi mwisho wa kidato cha nne mwaka 1978. Alikuwa akisimulia habari hii kwa kicheko, lakini nakumbuka siku moja alisema kwamba wasichana wengine wa darasa lake walinunua nyama siku ile ile, ikafungwa kwa kurasa nyingine.

Baada ya kujifunza kupiga taipu mjini Embu mwaka 1979 na 1980, aliajiriwa katika ofisi ya elimu ya hapo Embu tarehe 2 Februari 1981, na ofisi ile ndiyo aliyofanyia kazi mpaka alipostaafu Aprili 2021. Matangazo yote ya ufadhili yalipita mikononi mwake, ya masomo, ya afya, ya maji, ya vikundi vya akina mama, yakipigwa chapa na kuingia kwenye faili, na Kawira akaanza kuongeza karatasi moja ya kaboni ili abaki na nakala yake, na jioni akirudi Kibugu anaibandika kwenye mlango wa kanisa, kwenye kituo cha majani chai na kwenye kinu cha unga. Mkubwa wake alipomuuliza nani amempa ruhusa, alijibu kwamba tangazo ambalo halijatangazwa bado ni siri, na kuanzia siku hiyo mkubwa mwenyewe akawa anamnunulia gundi.

Tatizo ni kwamba hakubandika tu akaenda zake, alikufuata. Nani hapa hakuwahi kuviziwa na Kawira njiani akitoka shambani, matope hadi magotini, aulizwe fomu imefika wapi, mimi mwenyewe mwaka 1988 nilimkimbia mara tatu, akanipata kwa kinyozi nikiwa nimenyolewa nusu ya kichwa, akaniambia, "Bundi, leta hiyo setifiketi yako, wacha kuzungukazunguka, hao watu wanafunga Ijumaa." Nikaileta, nikapata masomo ya udaktari wa mifugo, na ng'ombe wenu mnajua nani huwatibu. Ndivyo shule yetu ya msingi ilivyopata tangi la maji, ndivyo nesi Ruguru wa dispensari yetu alivyopata mwaka 2012 ile nafasi ya miezi sita ya kusomea utunzaji wa watoto wachanga, na ndivyo watoto wengi wa lokesheni hii walivyomaliza shule bila kujua jina la aliyewajazia fomu.

Tarehe 14 Desemba 1985 alifunga ndoa na kaka yangu Naftaly Njiru, karani wa majani chai, katika kanisa letu la hapa Kibugu, na Mungu akawajalia Lennox Mutugi mwaka 1987 na Mukami mwaka 1990. Mtoto wao wa tatu, mvulana, alizaliwa tarehe 9 Mei 1993 ndani ya pikapu ya jirani iliyokwama kwenye matope tukishuka kwenda hospitali ya Embu, kwa sababu dispensari yetu haikuwa na mahali pa kuzalishia, na hakulia. Mimi nilikuwa nikiisukuma ile pikapu, na jambo hilo bado linaniuma. Kawira hakupenda tulizungumzie, ila wiki iliyofuata alianza kuandika barua za kuomba wodi.

Safari hiyo ya wodi ilikuwa ndefu, na lazima niseme ukweli mbele ya mwili wake kwamba waliomwangusha hawakuwa wafadhili, tulikuwa sisi. Mwaka 2014 wafadhili walikubali kuja kuona shida yetu, nasi tukawapokea jinsi tulivyolelewa kupokea wageni, tukafagia, tukapaka milango rangi, tukaazima vitanda sita katika shule ya bweni, Kawira mwenyewe akatoa mapazia yake ya harusi, kuku wakachinjwa, wageni wakala wakashiba, wakazunguka, wakaandika kwamba dispensari hii imetunzwa vizuri na msaada uende kwa wenye shida zaidi. Mwaka 2019 wakaja wengine, na safari hii Kawira alituita kanisani akatusihi tusiguse kitu, tukakubali sote kwa sauti moja, kisha asubuhi ya ugeni akafika akakuta kila mmoja amekuja na ufagio wake kisirisiri, na kitanda, na kitambaa cha meza, maana nani angekubali mgeni aone ndoo chini ya paa linalovuja. Tulikosa tena, na alikaa siku nne bila kutusalimu.

Oktoba 2023 aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa figo, akawa anasafishwa damu mjini Embu mara mbili kwa wiki, na hata hapo hakutulia, alilala na simu yake kwenye mkono ulio huru, akiwatafutia karo watoto wa wagonjwa wenzake, na ni kwenye kitanda hicho cha hospitali alikomalizia ombi la tatu la wodi, akalituma tarehe 28 Februari mwaka huu wa 2025. Jumamosi ya tarehe 28 Juni, akiwa amedhoofika sana, alituita nyumbani, akatuapisha mmoja mmoja kwamba wageni wakija hatutagusa chochote. Tuliapa, na ninaungama kwamba nilikuwa tayari nimenunua madebe mawili ya rangi nyeupe, na akina mama wa kanisa walikuwa wameshazungumza na ile shule ya bweni.

Kawira alitutoka Jumapili tarehe 6 Julai 2025, saa tatu asubuhi, hospitalini Embu, kaka yangu na watoto wakiwa kando yake, akiwa na umri wa miaka sitini na minne.

Sasa nimefika mahali pake, mchungaji, niruhusu. Wafadhili waliandika kwamba wangekuja Alhamisi tarehe 10 Julai, lakini waliandika kwa simu ya Kawira, na simu ilikuwa kwenye droo imezimwa, na sote tulikuwa hapa bomani, tukipiga mahema, tukipasua kuni, vitanda vya shule vikiwa vimeletwa huku kwa wageni wa Mikinduri, na rangi yangu nikiwa nimeipaka kwenye choo mnachokitumia leo. Hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda dispensari. Wageni wale wawili, kama nesi Ruguru alivyotueleza jana, walimkuta peke yake, akina mama wawili wakishiriki kitanda kimoja, ndoo iko chini ya paa, hakuna kuku, hakuna hata chai, na mmoja wa akina mama akazidiwa na uchungu, Ruguru akamshikisha mgeni wa watu beseni, na mgeni akalishika mpaka mtoto wa kike akatoka, akalia vizuri sana.

Jana saa kumi alasiri Mukami aliwasha simu ya mama yake akitafuta picha ya kuweka kwenye programu hii ya mazishi, akakuta barua ya wafadhili, akapiga yowe, tukadhani kuna msiba mwingine. Wodi imekubaliwa, vitanda vyote vinane alivyoomba, maji, taa, na nesi wa pili, kazi inaanza Septemba. Mnaweza kupiga makofi, mchungaji amesema sio dhambi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo cha Embu, majirani waliotuchotea maji na kukaa nasi usiku na mchana, wenzake wa ofisi ya elimu waliokuja na basi zima, kanisa, na nesi Ruguru, ambaye ameniomba nisimtaje mara nyingi.

Na wewe shemeji, ulitutaka tukae bila kufanya kitu siku moja tu, na hatukuweza mpaka ulipotuachia kazi ya kukuzika. Pumzika kwa amani uliyoitolea jasho, lakini siku ya kufungua wodi ile utuwie radhi, kwa sababu siku hiyo tutafagia.