Mtungi wa Gati

Mwaka 1955, katika basi la kwenda Turwa, Mzee Joram, aliyerudi kutoka vita vya Hitla, alikuwa akimsimulia jirani yake wa kiti, Mama Nyangi mpika pombe, aliyepakata chungu, habari za kisiwa cha Kipro. Mimi ni mlokole, pombe niliiacha, ila masikio yangu yalikuwa bado hayajaokoka.

"Makapi ya zabibu wanapikia pombe kali ya moshi," alisema Joram, "lakini mvinyo wanaufukia kwenye mtungi siku binti anapozaliwa, wanaufukua siku ya harusi yake. Nimepata mjukuu wa kike, Gati. Nipikie pombe yake niifukie." Mama Nyangi akamwambia pombe ya wimbi, ya ulezi, siku ya nne ni siki. "Tutaziba mdomo wa mtungi kwa nta," alijibu Joram.

Mama alifikiri. "Tuseme haikuharibika, mzee. Kwetu mpishi huonja kwanza, waone haina sumu, ndipo wageni waguse mirija ya kunywea. Siku hiyo mimi nitakuwa kaburini. Nani ataonja?"

"Nitaonja mimi."

"Na wewe ukiwa umeshanifuata?"

Basi lilisimama, na Joram akageukia dirishani. "Itabidi Gati atuamini tu," alisema taratibu, lakini Mama Nyangi alikuwa ameshashuka na chungu chake.