Bi. Marlene Hudak na Kikao cha Makoti

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika Idara ya Fedha za Shule ya jimbo letu, Bi. Marlene Hudak anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Februari. Amefanya kazi chini ya magavana sita na mashine moja ya kahawa. Magavana waliondoka.

Kazi yetu, kama inavyosema ripoti yetu ya kila mwaka, ni kusawazisha. Shule za hapa hula kodi ya nyumba zinazozizunguka. Penye majumba, watoto wana bwawa la kuogelea. Penye mgodi uliofungwa, wana ndoo za kukinga maji ya paa. Jimbo ndilo linalopaswa kuziba pengo hilo, na kwa miaka mingi tuliliziba kwa ripoti.

Kila majira ya baridi Kamati ya Usawa ya bunge la jimbo husikiliza wananchi. Sisi wataalamu tulikuwa tukiipeleka Ellisford, penye majumba, kwa sababu za kitaalamu kabisa: maegesho mapana, viti vya sponji na keki za tufaha. Wazazi wa Ellisford walisema shule ziko vizuri, nasi tukaandika kwamba shule ziko vizuri. Mwandishi wa wasifu huu alisifiwa sana kwa ufasaha wake.

Bi. Marlene alipokabidhiwa upangaji wa vikao, alichagua Tarrow Gap, penye mgodi uliofungwa, alikozaliwa. Tulimwonya kwamba boila ya kupasha joto shule ya huko ilikuwa imekufa tangu Krismasi. Alisema, "Ndiyo maana," akaenda zake kula.

Siku ya kikao wabunge walivua makoti kwa adabu, kisha wakayatazama kwa majuto. Seneta Reese, aliyekuwa ameapa kuupinga muswada wa kugawa upya fedha za shule, alikaa na shati tu hadi meno yakagongana. Mwalimu wa darasa la tatu, Denise Moyle, akamhurumia.

"Vaa koti lako, Mheshimiwa. Huku hatumuulizi mtoto kwa nini kavaa glavu, tunamuuliza kama kalamu inashikika."

"Na mnakaa hivi mpaka lini?"

"Mpaka Aprili. Ninyi je?"

"Mpaka saa sita," akajibu Seneta.

Muswada ulipita kwa tofauti ya kura mbili, moja ikiwa ya Seneta Reese. Idara ilijipongeza kwa kanuni yetu ya ugawaji yenye kurasa kumi na moja, ambayo hakuna mbunge aliyeisoma. Bi. Marlene alitukatia keki.

Ana kasoro zake. Huimba kwenye lifti. Ijumaa hutuletea pierogi, vitumbua vya kuchemsha vyenye viazi ndani, lakini anayetamka mbele yake neno "wastani", linalochanganya bwawa na ndoo, hapewi, na wengi wetu tumekonda.

Alikataa karamu ya hotelini na zawadi ya saa ya ukutani, akaomba tumuage katika ukumbi uleule wa kikao, shuleni Tarrow Gap. Mara moja tukatuma waraka: wageni waje na makoti mazito. Jana Mwalimu Denise alipiga simu kutukumbusha, kwa upole, kwamba boila mpya ina mwaka wa tatu sasa, na kwamba sisi ndio tulioilipia.

Asante, Marlene. Tutakukosa kuliko tunavyojua kusema. Tunakuombea siku ndefu na nyumba yenye joto. Makoti tutayaacha mlangoni.