Nyumba ya Khải Imepumua

Kijiwe chetu kiko mdomoni mwa uchochoro, hapa Saigon: viti vya plastiki vifupi mpaka magoti yanagusa kidevu, na Bi Hạnh anatuchujia kahawa huku akitusema. Zilibaki siku mbili kuingia Tết, mwaka mpya wetu, kila nyumba inatoa makorokoro nje, maana mwaka ukishaingia ufagio haushikwi siku tatu. Khải, fundi baiskeli wa mlango wa pili, akaja kanyong'onyea. Na sisi ndio tuliomwingiza mkenge. Nasema mapema, nisije nikajificha nyuma ya wenzangu.

— Vipi, nyumba imepumua? akauliza Sáu, tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki.

— Imepumua, kaka. Mama ndiye sijui nimemfanyaje.

Miaka miwili Khải anamuuguza mama yake, Bi Nhàn, aliyeanza kusahau. Nyumba nzima makopo ya biskuti, chupa za sosi ya samaki, magazeti, mashati ya marehemu baba. Kichwa kikamjaa mpaka akawa anasahau kukaza nati za watu. Tukamwambia: toa vitu, kichwa kitapoa. Juzi akamwita mama wa mkokoteni, mnunua vikuukuu, akasomba vyote.

— Na kweli kilipoa, Khải akasema. Nililala mpaka asubuhi. Mara ya kwanza tangu aanze kuugua. Ndicho kinachoniuma.

— Sasa shida nini?

— Kaamka, kaangalia kuta, kachukua mkoba. Anataka arudishwe kwake. Anasema hapa ni kwa watu. Tangu jana hajala.

— Mwanga huo! akasema Daktari, ambaye aliwahi kuuza dawa za minyoo sokoni, basi. Mwanga mwingi unaunguza ubongo. Tundika mapazia.

— Mapazia nini! Redio akadakia. Kumbukumbu zinakaa kwenye makopo, bwana. Unafunua, inatoka moja. Zile zimepanda mkokoteni! Tukusanye makopo yetu, tuyapange vilevile. Mgeni njoo mwenyeji apone!

— Hiyo inaingiaje hapo? Bi Hạnh akauliza.

— Inaingia tu.

— Mfuate mama wa mkokoteni, nikasema mimi.

— Nimemfuata, mzee. Vyote kashauza, na mwenyewe kapanda basi kwenda kwao kula Tết.

— Maji yakimwagika hayazoleki, akasema Redio.

Kwa mara ya kwanza methali yake iliingia, nikatamani nimzabe kibao. Roho iliniuma, jamani. Ushauri tulitoa bure, tena tukicheka.

Ndipo Bi Nhàn akatoka, kandambili miguuni, mkoba kaukumbatia kifuani. Akatujia moja kwa moja, akamwinamia Khải kwa adabu, kama mtu anayemsumbua mgeni.

— Samahani, bwana. Nyumba ya Khải ni ipi? Nimezunguka siioni. Mwanangu akirudi asinikute, atahangaika sana.

Mlango ulikuwa hatua tano nyuma yake, wazi. Daktari akatazama kikombe chake. Khải akasimama, akampisha kiti.