Mzee Brashi wa Daraja la Chuma

Ndugu, jamaa na majirani, aliyelala mbele yetu ni baba yangu, fundi rangi, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Brashi. Mimi ni kifungua mimba wake. Wadogo zangu wamenipa kazi hii kwa sababu wanasema nina mdomo.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1946, upande huu wa mto. Daraja la chuma lilikuwa limejengwa mwaka 1928, na babu yetu alikuwa mlinzi wake. Alishika bendera nyekundu mlangoni mwa daraja, maana lilikuwa jembamba, na malori mawili yakikutana katikati hapakuwa na dereva aliyekubali kurudi nyuma. Bibi alisimulia kwamba Baba alijifunza kutembea kwa kushika vyuma vya daraja hilo.

Shule ilikuwa ng'ambo, kwa hiyo alivuka kwenda na kurudi mpaka alipomaliza mwaka 1961. Hakupenda hesabu, alipenda njia ya kwenda shule. Baada ya hapo aliajiriwa katika kikosi cha rangi cha halmashauri, akakwangua kutu na kupaka vyuma vya daraja lile kwa zaidi ya miaka arobaini.

Mwaka 1969 vikosi viwili vilianza kupaka daraja kutoka pande mbili, kila kimoja kikichanganya rangi yake. Vilipokutana katikati, kijani cha huku kilikuwa cha majani mabichi na cha kule kilikuwa cha chupa. Kila kikosi kiliapa kwamba kingine ndicho kilichoharibu. Baba alitumwa ng'ambo kumkemea mchanganya rangi wao, akamkuta msichana mwenye ulimi mkali kuliko wembe. Alikwenda kugomba, akarudi amependa. Wakawa wanakutana pale rangi zilipogongana, mahali ambapo mpaka leo mji mzima unapaita Mshono, na Baba alichelewa kila mara. Walifunga ndoa tarehe 20 Juni 1970. Kuhusu kijani kipi ni sahihi, hawakuwahi kupatana.

Mwaka 1988 daraja jipya la zege lilifunguliwa, na halmashauri ikaamua la zamani likatwe liuzwe chuma chakavu. Baba alikosa usingizi. Hakujua kuhutubia, basi alifanya alichokijua: aliendelea kupaka rangi bila kutumwa na mtu. Kila wanunuzi walipokuja kukagua, waliondoka na suruali zenye mabaka ya kijani.

"Samahani, wakubwa," aliwaambia, "bado haijakauka."

Haikukauka kwa miaka mitatu. Wakati huo wachuuzi, wanafunzi na wapenzi walikuwa wamezoea kuvuka pale kwa miguu, wakagoma kuachia. Mwaka 1991 halmashauri ikasalimu amri, daraja likawa la waendao kwa miguu. Baba mwenyewe alichimbia nguzo za kuzuia magari ncha zote mbili, akazibananisha hasa.

Mwaka 2019 alipatwa na kiharusi, mguu wa kushoto ukagoma. Tulimpeleka darajani kwa kiti cha magurudumu, na kiti hakikupita kati ya nguzo zake. Alicheka mpaka akatoa machozi, na si yote yalikuwa ya kicheko. Mdogo wangu alitaka kung'oa nguzo moja.

"Thubutu! Leo umeing'oa kwa ajili yangu, kesho pikipiki, keshokutwa lori."

"Basi tukubebe, Baba."

"Mtanibeba siku moja tu, na mtaijua ikifika."

Tangu hapo hakuvuka tena. Alikaa mlangoni pale kila jioni akitazama watu wakienda ng'ambo, na iliniuma kumwona. Aliaga dunia nyumbani kwake alfajiri ya Jumanne, tarehe 5 Novemba 2024, mkono wake ukiwa mkononi mwa Mama.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanane na daraja moja.

Makaburi yako ng'ambo. Gari la maiti lingeweza kuzungukia daraja jipya, nasi tumelikataa. Tutalinyanyua jeneza juu ya nguzo zake na kuvuka naye. Mama ametangulia. Amekaa kwenye kiti pale Mshono, upande wa kijani cha chupa, na ametuma ujumbe: "Mwambieni nimefika, kama kawaida yeye ndiye aliyechelewa."

Twende, Baba. Leo unavuka kwa miguu yetu, kisha upumzike.