Nusu Saa, Aliyekataa Kujidunga Dawa Yake Mwenyewe

Marehemu dada yetu, ambaye kazini wote walimwita Nusu Saa, alizaliwa tarehe 9 Mei 1971, mtoto wa pili wa fundi cherehani na mkunga. Mama husema alianza kubisha kabla ya kuota meno.

Alihitimu kemia mwaka 1995, akaajiriwa katika maabara ya dawa. Huko alitengeneza chembe ndogo mno, zisizoonekana kwa macho, za plastiki inayoyeyuka mwilini. Ndani yake hufichwa dawa ya saratani, itoke kidogo kidogo kwenye uvimbe bila kuunguza mwili mzima. Mwaka 2004 alitoa kwenye friza chupa iliyohifadhi plastiki hiyo, akaifungua ingali baridi. Unyevu wa hewani ukaingia, plastiki ikaharibika, kazi ya miezi saba ikaenda arijojo. Hakumsingizia mtu. Tangu hapo, chupa ya friza haikufunguliwa mbele yake kabla ya kukaa nje nusu saa ubaridi uishe.

Mwaka 2005 fundi wa mafriji aliitwa kuitengeneza friza hiyo, akashika chupa.

"We fundi, weka chini! Subiri nusu saa."

"Dada, nimekuja kutengeneza friji, sikuja kuposa."

Aliposa mwezi uliofuata. Walioana tarehe 16 Desemba 2006, wakajaliwa mabinti wawili.

Februari 2022 aligundulika kuwa na saratani ya matiti, nayo imeshasambaa. Chembe zake zilikuwa zimejaribiwa kwa panya tu. Tulimsihi achukue japo chupa moja. Mumewe alimpigia magoti.

"Nikijidunga nikafa, watasema dawa imeniua, waifungie kabatini," alisema. "Nikipona, watasema bahati. Mgonjwa anayekuja nyuma yangu atafaidi nini? Niacheni bwana!"

Tulikasirika. Mdogo wake, anayesoma wasifu huu, alimnunia wiki tatu nzima, wiki ambazo hatazipata tena.

Alifariki tarehe 3 Julai 2024, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Jana msibani mtu aliuliza mbona dawa yake haikumponya. Hakuionja! Na asitokee wa kusema hapa kwamba dada alishindwa. Kibali cha kuijaribu kwa watu kimetoka, na Septemba wataanza wagonjwa kumi na wawili.

Ameacha mama, mume, mabinti wawili, kaka, mdogo wake, na wagonjwa kumi na wawili ambao hakuwahi kuwaona. Hao ndio aliowachagua. Apumzike kwa amani, mbishi wetu.