Chai Ambayo Sikuionja

Ndugu zangu wa kikundi, mkiniona nageukageuka msishangae. Watu wakikusanyika, mimi mpaka leo natafuta kwanza mlango uko wapi.

Nilikuwa nauza chai Oraba, pale malori yanaposubiri kuvuka mpaka. Desturi yetu mnaijua: anayekupa kinywaji anaonja kwanza, uone hakuna sumu. Asubuhi moja dereva fulani, mteja wangu wa miaka mingi, alinipokonya kikombe huku anacheka. "Leta tu, mama! Mimi na wewe iko na mambo ya kuonja bado?" Akanywa. Hata lori lake hajalifikia, akaanguka, akafa.

Redio ikatangaza kwamba mama wa chai, yule wa kitambaa cha njano kichwani, ametia sumu. Polisi wakanishika. Daktari alipompima marehemu akasema ni moyo, nikaachiliwa. Je, redio ilirudi kuyasema hayo? Wapi! Nikahamia hapa Oli na binti yangu wa miaka tisa, na kitambaa changu cha njano nikakificha.

Kumbe vijana fulani walisikia ile redio, wakatengeneza filamu. Ikaonyeshwa kwenye kibanda cha video jirani na kwetu, bango limeandikwa "kisa cha kweli". Binti yangu akaenda na wenzake. Mle ndani, nilisimuliwa baadaye, mwanamke wa kitambaa cha njano anatia unga kwenye birika, anacheka. Na mtafsiri wa kibanda, anayewaeleza watazamaji filamu kwa maikrofoni, akaongeza chumvi: "Huyu mama iko! Anauza chai mpaka leo!"

Mtoto akarudi nyumbani. Nikampa uji, akausukuma kwangu. "Mama, onja kwanza."

Jamani! Mtoto niliyemzaa mwenyewe! Nilionja harakaharaka, uji ukamwagika, akazidi kuniogopa. Ikawa hivyo kila mlo. Pikipiki ikisimama nje, nafunga mlango: watu wamekuja kunichoma moto. Lakini nawaambia, macho ya mtoto wangu niliyaogopa zaidi.

Mama mmoja wa kikundi hiki alipoona ninavyokonda, alinibana mpaka nikasema yote. Akaenda Ludara, kwao yule dereva, akarudi na mjane wake. Nilitaka kukimbia. Mjane akaketi, akaomba chai. Nilipoinua kikombe nionje, akanishika mkono.

"Wacha. Bwana yangu alikuwa mgonjwa ya moyo, dawa zake nilikuwa naweka mimi. Hiyo filamu, hakuna mutu alikuja kuniuliza."

Akanywa yote. Binti yangu alikaa anamtazama mpaka jioni, aone kama ataanguka.

Asubuhi yake nilipoinua uji nionje, mtoto alininyang'anya kikombe, kama yule dereva. Akanywa. Nilisimama pale, roho mkononi, mpaka akakiweka chini.

Mama uliyekwenda Ludara, na wewe mjane, asanteni, sina cha kuwalipa. Wengine, mkiona "kisa cha kweli", ulizeni kama wenyewe waliulizwa.

Chai ya leo nimepika mimi. Iko pale mezani, na sijaionja.