Bi. Ardith Tvedt na Nafasi ya Kumi na Sita

Baada ya miaka thelathini na tisa katika Ofisi ya Viwango ya Vyuo vya Tambarare, Bi. Ardith Tvedt anastaafu Ijumaa hii, tarehe 13 Desemba 2024. Aliingia Agosti 1985 kama mpiga taipu. Anatoka akiwa Mkuu wa Viwango, penseli ikiwa bado sikioni.

Hapa Elm Prairie kila mtu anaijua kazi yake, ingawa si kila mtu anaipenda. Vyuo vidogo zaidi ya mia mbili hucheza futiboli ya Kimarekani, ile ya kofia ngumu na mpira wa umbo la yai, na kila kimoja kina mechi kumi tu kabla theluji haijafunika viwanja. Vyote haviwezi kukutana, kwa hiyo ubora hutafutwa kwa hesabu. Robo ya alama za timu hutokana na ushindi wake yenyewe. Nusu hutokana na ushindi wa wapinzani wake, na robo ya mwisho na ushindi wa wapinzani wa hao wapinzani. Kuwapiga wanyonge kumi si sawa na kuwapiga majabari wanane.

Timu kumi na sita za juu huingia kwenye mtoano. Ya kumi na saba huvua kofia ngumu na kurudi darasani. Wachezaji wengi wa mwaka wa mwisho hawatacheza tena maishani, kwa hiyo kila Jumapili ya Novemba makocha hutupigia simu wakifoka. Bi. Ardith ana jibu moja kwa wote: "Kocha, ukimaliza kufoka niambie, kahawa yangu inapoa." Mchungaji wake naye amezoea kukuta hesabu zake nyuma ya karatasi za nyimbo za ibada.

Jambo kubwa kuliko yote alilifanya mwaka 2003. Nilikuwa sijazaliwa, kwa hiyo nimelisoma kwenye mafaili na kuwauliza waliokuwepo.

Mwaka huo ofisi ilipata programu mpya ya kompyuta. Jumapili ya mwisho, orodha ilitoka ikiwa na Chuo cha Elm Prairie nafasi ya kumi na sita. Mji mzima ulifurahi, na Bi. Ardith zaidi, kwa sababu mwanawe Leif alikuwa beki wa timu hiyo, mwaka wake wa mwisho. Nafasi ya kumi na saba ilikuwa ya Chuo cha Garnet, ambacho kilikuwa kimeshinda mechi zote kumi.

Hilo lilimkera. Alichukua penseli akaanza upya, na saa moja kabla ya tangazo aliliona kosa. Kanuni yetu inasema kwamba unapohesabu rekodi ya mpinzani wako, lazima uondoe mechi aliyocheza na wewe. Programu haikuiondoa. Mpinzani aliyeshinda sita na kushindwa nne, moja kati ya hizo nne ikiwa mikononi mwa Garnet, alionekana dhaifu kwa sababu Garnet walimpiga! Kadiri Garnet walivyoshinda, ndivyo walivyoadhibiwa. Elm Prairie, walioshindwa mara mbili, walikuwa wananufaika kwa kupigwa.

Mkuu wa wakati huo, Bw. Wendell Quist, alisita. "Ardith, kompyuta haichoki," alimwambia.

"Ndiyo maana inakosea bila kupumzika," alijibu, akamwekea karatasi zake mezani.

Hesabu sahihi ilizibadilishia nafasi timu hizo mbili. Bi. Ardith alijua hivyo tangu alipoweka nukta ya mwisho, na aliitia sahihi kwa mkono wake. Jioni Leif alikuja kula. Alikula mpaka sahani ikabaki tupu, kisha akasema, "Mama, msimu huu tumeshindwa mara tatu. Mbili uwanjani, moja mezani kwako." Halafu akaomba aongezewe chakula.

Jumamosi iliyofuata Garnet walikwenda kwa namba moja, wakawapiga 20 kwa 17 kwenye theluji. Toka mwaka huo, kila Novemba, Garnet hutuletea pai kubwa ya maboga iliyoandikwa "Asante kwa Nafasi ya Kumi na Sita". Na kanuni ikaongezwa kwamba hakuna orodha inayotoka bila kurudiwa kwa mkono. Mpaka leo hakuna orodha yetu iliyolazimika kusahihishwa baada ya kutangazwa.

Mwezi uliopita aliandaa orodha yake ya mwisho. Juu kabisa ilisimama Elm Prairie, haijashindwa hata mara moja, na kocha wake ni Leif Tvedt. Bi. Ardith hakuiamini. Alikataa kutia sahihi mpaka wenzake watatu, kila mmoja kwenye chumba chake, warudie hesabu tangu mwanzo. Tarakimu za wote watatu zilifanana. Alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu, akasema, "Basi, itangazeni."

Bi. Ardith, asante kwa kutufundisha kuondoa cha kwetu kabla ya kumpima mwingine. Jumamosi, siku moja baada ya kustaafu kwako, timu ya Leif inacheza nusu fainali hapa nyumbani, na tumekuwekea kiti mstari wa mbele. Penseli iache hapa ofisini. Nenda ukashangilie, na maisha yako yote yaliyobaki yawe mema hivyo.